Kutoka Chale hadi Thika: safari ndefu ya mwanafunzi mwenye ulemavu

Kwa miaka mingi, mtoto asiyeona wa Chale, huku Kinondo, pwani ya kusini, hata awe na bidii ya masomo namna gani, alikuwa na njia moja tu ya kufika chuo kikuu. Alianzia Likoni, kama kilomita 40 kutoka nyumbani, katika shule ya vipofu ya Jeshi la Wokovu. Akifaulu alivuka feri, akapanda basi au gari la moshi kwenda bara, zaidi ya kilomita 500, akaingia sekondari ya vipofu Thika. Baada ya hapo ndipo Nairobi. Ndugu zake wanaoona walisoma Msambweni, Waa au Kwale, na shule zikifungwa walikuwa nyumbani kabla ya jua kutua. Yeye nauli ikikosekana, likizo ilimkuta bado yuko bara.

Historia ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu vyuoni Kenya huandikwa kwa kutaja sheria, kamati na tume. Ukiitazama kutoka Chale unaona jambo jingine. Takriban kila msaada uliobuniwa ulijengwa mbali, na aliyeuhitaji ndiye aliyetakiwa kuufuata.

Wala si kwamba pwani haikujua kumfundisha asiyeona. Katika vyuo vya Qur'ani mtoto kipofu alikaa mkekani na wenzake, akafundishwa kwa kusikia na kurudia, na wapo waliohifadhi msahafu mzima wakawa walimu wa wengine. Elimu ile ilikuwa ya sikio na kumbukumbu, na kutoona hakukumtenga mtu nayo. Misri, njia hiyo ilimtoa kijijini Taha Hussein, aliyepofuka utotoni, ikamfikisha Al-Azhar. Mwaka 1914 akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu kipya cha Cairo, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Shule ya kikoloni ilikuja na ubao, daftari na mtihani wa kuandika. Hapo ndipo mtoto yule yule aliyeshindana na wenzake mkekani alipoambiwa kuwa hasomesheki.

Shule ya Thika yenyewe ilizaliwa na vita. Mwaka 1942 Jeshi la Wokovu lilianza kuwahudumia askari Waafrika waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia, na kufikia mwaka 1946 kazi hiyo ilikuwa imegeuka shule. Mwaka 1956 chama cha kitaifa cha kuwahudumia wasioona kikaundwa kwa sheria. Mwaka 1958 yakaanza mafunzo ya ufundi kwa vipofu kule Machakos, na mwaka huo huo kikazaliwa chama cha walemavu wa viungo, APDK. Pwani ilipata fungu lake mwaka 1969, APDK ilipofungua karakana za Bombolulu, Mombasa, ambako watu waliolemazwa na polio na maradhi mengine walitengeneza vito, mikoba, nguo na vinyago. Kazi ni heshima, na Bombolulu imelisha nyumba nyingi. Lakini mipango yote ya wakati ule ilimwona mlemavu kuwa mtu wa kufundishwa kazi ya mikono. Hakuna aliyepanga kwamba siku moja atadai kiti katika ukumbi wa mihadhara, tena kiti chenyewe kiwe mahali anapoweza kufika.

Walidai hata hivyo. Kina Josephine Sinyo, wakili asiyeona ambaye baadaye aliingia Bunge kama mbunge mteule baada ya uchaguzi wa 1997, ni wa kizazi kilichosoma vyuoni kabla ya kuwapo kwa sheria yoyote ya kuwalinda. Jaji Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa mwenye ualbino tatizo la darasani huwa ni umbali wa ubao na udogo wa maandishi, na dawa yake ni rahisi kiasi kwamba inaudhi kuona ilivyochelewa: maandishi makubwa na kiti cha mbele.

Tuitazame kwa karibu kazi ya mwanafunzi asiyeona wa enzi hizo. Aliingia darasani na kibao chenye safu za vijidirisha, karatasi nzito ikibanwa ndani yake, na sindano fupi ya kutobolea yenye kishikio. Kila nukta aliitoboa kwa mkono, akienda kutoka kulia hadi kushoto, ili karatasi ikigeuzwa nundu zisomeke kwa vidole kushoto kwenda kulia; ndiyo maandishi ya nukta nundu. Mhadhiri hakumngoja. Aliyebahatika kuwa na mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, alibonyeza vitufe sita vya nukta na kusikia kengele mstari ulipokaribia kwisha; lakini mashine ile ni ya chuma, yapata kilo 5, ya kubebwa kutoka bwenini hadi darasani na kurudi, na kelele zake zilimfanya mwenyewe aone haya mbele ya wenzake.

Jioni ilikuja kazi ya pili. Vitabu vya nukta nundu vya kiwango cha chuo kikuu vilikuwa haba mno, kwa hivyo ilimbidi apate msomaji. Msomaji alikuwa mwanafunzi mwenzake, mara nyingi wa bweni moja, anayekaa naye maktaba ilhali yeye mwenyewe ana insha ya kumaliza. Akisoma haraka, mkono wa kutoboa nukta haumfuati. Akichoka, sura inabaki nusu. Wakati wa mitihani msomaji huyo huyo alikuwa na mitihani yake. Nikiulizwa ni nani aliyeanzisha huduma kwa wanafunzi wasioona katika vyuo vya Kenya, nitawataja hao kwanza, vijana wa kike na wa kiume ambao majina yao hayamo katika ripoti yoyote.

Halafu mtihani. Mhadhiri hakujua nukta nundu, basi asiyeona alijifunza kupiga taipu tangu sekondari ili majibu yake yasomwe na anayeona. Taipu humnyima kipofu jambo ambalo mwenzake mwenye kalamu halifikirii kabisa: hawezi kurudia alichoandika. Akikatizwa katikati ya sentensi hana pa kupapasa ajue alifika wapi. Utepe wa wino ukikauka au ukikwama, aliweza kujaza kurasa nzima za weupe mtupu asijue, asiposimama mtu nyuma yake kumwambia. Nusu saa ya ziada anayopewa mtahiniwa kama huyo, watu wengine bado huiita upendeleo. Sioni upendeleo wowote hapo.

Mahali pengine duniani wanafunzi wenyewe ndio waliolikata shauri. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mabweni hayakumfaa, akalazwa katika hospitali ya chuo, na wengine kama yeye wakamfuata humo. Mwaka 1970 kundi hilo lilipata fedha za kuendesha ofisi yake: kutafuta wasaidizi, kutengeneza viti vya magurudumu vilivyoharibika, kutafuta nyumba zisizo na ngazi. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu ilikuja miaka mitatu baadaye.

Kenya nayo ilisukumwa na wenyewe. Vyama vya watu wenye ulemavu viliungana mwishoni mwa miaka ya themanini, na mwaka 1993 Mkuu wa Sheria Amos Wako akaunda jopokazi la kupitia sheria zinazowahusu. Ilichukua miaka kumi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003, iliyoanza kutumika Juni 2004, ilikataza taasisi ya elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake pekee, na ikaziagiza taasisi zizingatie mahitaji yake katika masharti ya kujiunga, mitaala, mitihani na majengo. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Katiba ya 2010 ikawawekea kifungu cha 54, sera ya elimu ya 2018 ikawataja waziwazi wanafunzi wa vyuo vya mafunzo, na Mei 2025 Rais akatia saini sheria mpya badala ya ile ya 2003. Taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, nayo huwatengea wenye ulemavu utaratibu wao. Kwa karatasi, hatuna deni.

Mlango ulifunguliwa kwa sheria. Msaada unaotakiwa kumngoja mwanafunzi ndani ya mlango uliachiwa kila chuo kijitafutie, na vingi havijautafuta. Ona mfano huu: mtumishi wa serikali asiyeona hulipwa posho ya kumpa msaidizi wake. Posho hiyo humfikia akishaajiriwa. Miaka minne ya shahada iliyomwezesha kuajiriwa aliipitia kwa hisani ya marafiki.

Kwa kiziwi shida ni nyingine, na naona huwa haieleweki vizuri. Kwale ina shule yake ya viziwi, na watoto wa kaunti hii hutoka hapo wakiwa na lugha yao, Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na mradi wa kuitafiti tangu 1991, na ambayo Katiba imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Baada ya hapo chuo cha ufundi kinachojulikana kwa viziwi kiko Karen, Nairobi. Vingine viko Nyang'oma na Sikri, karibu na Ziwa Victoria. Akiamua kubaki Pwani, anahitaji mkalimani darasani. Na mkalimani peke yake hatoshi. Macho ya kiziwi hayawezi kuwa kwenye mikono ya mkalimani na kwenye daftari kwa wakati mmoja. Akiinama kuandika, amekosa sentensi tatu. Kwa hivyo anahitaji pia mtu wa kumwandikia. Ni watu wawili kwa mwanafunzi mmoja, na wasimamizi wa fedha wakilisikia hilo hushtuka. Hawashtuki kununua darubini za maabara.

Na mwenye kiti cha magurudumu? Anayeijua njia ya kutoka ufuoni Chale hadi barabara ya Lunga Lunga anajua mchanga wake. Kiti cha hospitali, chenye magurudumu membamba ya mbele, huzama humo. Inambidi anayesukuma akigeuze na kukivuta kinyumenyume, mwenye kiti akitazama alikotoka. Viti vya magurudumu matatu vya APDK vilibuniwa kwa barabara kama hizi. Lakini kiti kikishamfikisha chuoni, darasa liko ghorofa ya pili. Sheria ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kuyarekebisha. Ngazi bado ni zile zile katika majengo mengi, na bado tunawaona wanafunzi wakibebwa mgongoni na wenzao, watu wazima wenye haya zao, kama watoto wachanga.

Ujio wa kompyuta ulibadilisha mengi kwa asiyeona. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, humsomea mtu maandishi ya kompyuta kwa sauti, nayo ni ya bure. Shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 kufungua vyumba vya kompyuta katika shule za wasioona, kuanzia Thika, na Likoni ikafikiwa. Leo mwanafunzi asiyeona anaweza kuandika insha yake, kuirudia na kuisahihisha, jambo ambalo wa enzi ya taipu hakuliota. Kisha mhadhiri anapiga picha kurasa za kitabu kwa simu na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Simu ya asiyeona inatamka neno moja, "picha", basi. Dakika kumi za kuyaandika upya maandishi hayo, au kuyapitisha kwenye programu ya kuyatambua, zingemwepusha na kurudi kwa msomaji wa mwaka 1975.

Nayaandika haya sasa kwa sababu vyuo vimetufikia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kina tawi Kwale. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kiko Msambweni, mwendo mfupi wa matatu kutoka Chale. Matuga kuna Chuo cha Serikali. Mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa wakati wa Gavana Salim Mvurya, umelipia karo ya maelfu ya watoto wa Kwale, na nimewaona wazazi wa Kinondo wakilia kwa furaha kwa ajili yake. Mtoto wa mvuvi anasomea shahada, na hilo lilikuwa ndoto.

Lakini karo humlipia mwanafunzi kiti darasani. Haimlipii kiziwi mkalimani, wala haimchapishii asiyeona kitabu. Kaunti iliyoweza mpango ule inaweza kuajiri wakalimani wachache wa kuhudumu kati ya Msambweni, Kwale na Matuga, na kuweka mjini Kwale printa moja ya nukta nundu ya kutumiwa na vyuo vyote. Kila mwaka bajeti huletwa kwa wananchi watoe maoni kabla haijapitishwa. Wazazi wa Kinondo wenye watoto Likoni na katika shule ya viziwi waende siku hiyo, waitake karatasi ya bajeti ya elimu, waulize ni mstari upi uliotengewa mkalimani na ni upi wa printa, na wasikubali kuambiwa kwamba jambo hilo ni la Nairobi.