Mwalimu Aliyekosa Kazi: Darasa la Lugha Kutoka London hadi India, Likitazamwa Kutoka Kericho

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba kichekesho cha lafudhi hakina dawa: popote kitakapohamishiwa, kitamdhalilisha yuleyule mnyonge. Si dai la kubezwa. Mwaka 1979 Michael Grade, mmoja wa wakuu wa London Weekend Television, alikikatiza kipindi cha runinga cha Mind Your Language, cha darasa la jioni la London linalowafundisha wageni Kiingereza, ilhali kilikuwa kikipendwa, kwa hoja kwamba kinawafanyia wageni dhihaka. Sisi wa Kericho na Bomet tuna sababu zetu za kuisikiliza hoja hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi waliokuwa wakiishi katika mashamba ya chai walishambuliwa kwa sababu ya makabila yao. Waathiriwa 218 waliifikisha kesi yao dhidi ya Unilever, kampuni mama ya mwenye shamba, hadi mahakama za London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Katika siku kama zile, namna mtu anavyotamka neno moja inaweza kumponza.

Hata hivyo, napinga kwamba kosa ni la lafudhi. Ninachodai ni kuwa udhalilishaji hutokana na jinsi kutojua kunavyogawanywa ndani ya kipindi: nani anayekosea, nani asiyekosea kamwe, na mwalimu mwenyewe amesimama wapi. Mgao huo ukibadilika, kicheko nacho hubadilika, hata kama lafudhi zimebaki zilezile.

Kwamba kipindi kikivuka mpaka hugeuzwa ili kikubalike ugenini si jambo la kubishania. Albert Moran alilieleza vya kutosha mwaka 1998. Ugomvi wangu ni na nadharia ya ukaribu wa kitamaduni aliyoitetea Joseph Straubhaar mwaka 1991, inayosema kuwa watazamaji huelemea kilicho karibu na utamaduni wao. Kwa kipimo hicho, darasa la jioni la London lisingepata mashabiki Kenya. Lakini lilipoonyeshwa kwenye runinga ya taifa lilipendwa mno, na majina ya wanafunzi Ali na Ranjeet na ya mwalimu wao, Bwana Brown, yangali vinywani mwa watu wazima wa leo. Kilichowavuta kilikuwa hali waliyoijua vizuri: watu wa asili mbalimbali wamekusanywa chumba kimoja, wanatahiniwa kwa lugha isiyo ya mama zao.

Kipindi hicho, kilichobuniwa na Vince Powell, kilianza Desemba 1977 na kufikisha vipindi 29 kabla ya kukatizwa. Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, ana shahada na lugha aliyozaliwa nayo. Mbele yake wameketi Mpakistani Ali, Kalasinga, Mwitaliano, Mgiriki, Mchina, Mjapani na wengineo. Makosa ya lugha hutoka upande mmoja tu wa chumba. Isitoshe, muundo wenyewe unamkataza mwanafunzi kuendelea, kwa kuwa siku atakayosema Kiingereza sanifu kichekesho kitakuwa kimekwisha. Hapa Grade aliona sawasawa. Asichokitilia maanani ni kwamba hata lafudhi zile zilikuwa za kuvaa: Ranjeet, Kalasinga wa Punjabi, aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka, na Mgiriki Max aliigizwa na Kevork Malikyan, Mwarmenia aliyezaliwa Uturuki.

Toleo la Marekani, What a Country!, lilidumu msimu mmoja tu, 1986 hadi 1987. Wanafunzi walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uraia, kwa hiyo kutojua kwao kulikuwa na mwisho, na nchi iliwasubiri mlangoni. Ni toleo la upole, lakini mwalimu bado ni mwenyeji na mwanafunzi bado ni mgeni.

Toleo la India ndilo lililovunja mpango huo. Zabaan Sambhalke lilianza kuonyeshwa na Doordarshan, runinga ya taifa ya India, mwaka 1993, likiongozwa na Rajiv Mehra. Mwalimu wake, Mohan Bharti, aliyeigizwa na Pankaj Kapur, ni mhandisi aliyekosa kazi ya fani yake, akaangukia kufundisha Kihindi. Uamuzi huu mmoja wa kisanaa una uzito kuliko vichekesho vyote vinavyoufuata. Brown anasimama mbele ya darasa kama mwenye nyumba. Mohan anasimama pale kama mtu ambaye naye mipango yake imeharibika, na lugha anayoifundisha ndiyo riziki iliyobaki. Wanafunzi wake nao si wageni watupu. Vijayan ni Mtamili, raia wa nchi ileile, anayejifunza lugha ambayo watu wa jimbo lake waliipinga barabarani mwaka 1965 ilipotaka kufanywa lugha rasmi ya pekee ya serikali kuu. Kwa hiyo mtazamaji wa Madras alipomwona Vijayan akikosea, alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini Vijayan analazimika kujua. Swali hilo haliwezi kuulizwa ndani ya darasa la Brown.

Kisha yupo Charles Spencers, Mwingereza anayeparaganya Kihindi. Mtawala wa jana ameketishwa kwenye dawati. Aliyemwigiza ni Tom Alter, mtoto wa familia ya wamisionari Wamarekani, aliyezaliwa Mussoorie na kukimudu Kihindi na Kiurdu kwa ufasaha. Watazamaji wengi walimjua kutoka filamu nyingi, na walijua kwamba kutojua kule ni sanaa. Wakenya tunalifahamu jambo hili: Benson Wanjau, Mkikuyu, ndiye aliyetupa Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi na lafudhi yake ya Kijaluo, na alipofariki mwaka 2015 alililiwa na nchi nzima.

Itasemwa kwamba Vijayan anachekwa kama Ali tu. Baadhi ya vichekesho vyake ni rahisi mno, sikatai. Lakini Vijayan ana jimbo, kura na lugha yenye serikali yake. Ali hana pa kurudi ila mtaa unaomkataa.

Sasa tuitazame nchi ya chai. Kiswahili kilishika mizizi mashambani tangu miaka ya 1920, kampuni kama Brooke Bond zilipoanza kupanda Kericho na kuwaleta vibarua kutoka Kisii na kwingineko Nyanza, na Magharibi. Kilikuwa lugha ya nyapara na ya mizani. Mkipsigis mwenye ardhi, Mkisii aliyehamia, Mjaluo na Mluhya wa kambini, wote wana lugha ya mama nyingine. Hapa hakuna anayeweza kuwa Bwana Brown bila uongo. Mohan, kwa upande mwingine, anajulikana kila kijiji: ni yule kijana wa Bomet mwenye shahada ya ualimu, anayesubiri kuajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, huku akipeleka majani ya wazazi wake kwenye kituo cha kununulia.

Kanuni za utangazaji zinavibana vituo vyetu kuongeza vipindi vya nchini, na njia ya mkato ni kuiga cha nje. Tamthilia ya Single Kiasi ya mwaka 2022 ilitokana na Unmarried ya Afrika Kusini, na itafuatwa na nyingine. Sioni ubaya. Ninawaomba watayarishaji jambo moja: wakilitaka darasa la lugha, wasiliige la London kwa sababu tu ndilo tunalolikumbuka. Walichukue la India, walifungulie katika ukumbi wa kambi ya chai, wamweke mbele mwalimu asiye na ajira, na kwenye madawati wamketishe Mkipsigis, Mkisii, karani wa kiwandani na meneja kutoka ng'ambo, wote wakosee.