Keria Iliyofumwa na Akina Mama

Keria ya baiskeli, ile inayofungwa kwenye buti la gari, ina kanuni chache tu. Uzito usikae juu ya kioo wala bati laini, ukae pale gari lilipo na nguvu. Kati ya chuma na rangi pawe na kitu cha kuzuia mikwaruzo. Kamba zivute juu, chini na kando, na ukishaenda kilomita chache usimame uzikaze tena, kwa sababu barabara imeshazilegeza. Watu wa Nairobi wananunua kifaa hiki kwa bei kali wakidhani ni werevu wa juzijuzi. Huku Garissa, na kupanda mpaka Wajir na Mandera, kanuni hizo zilikuwepo kabla gari lolote halijavuka Mto Tana. Na waliozijua vizuri zaidi walikuwa wanawake.

Ngamia wa huku ana nundu moja, na shida yote inaanzia hapo. Nundu ni mafuta. Ukiweka mzigo juu yake unateleza, ukiukaza sana unamchubua, na ngamia mwenye kidonda mgongoni ni hasara: habebi kitu mpaka apone, na familia haiwezi kuhama bila yeye. Jibu la Wasomali ni heeryo, mikeka minene inayolazwa tabaka juu ya tabaka kuizunguka nundu. Juu ya mikeka inafungwa miti, upande huu na upande ule. Mzigo unaning'inia kwenye miti, miti inaegemea mikeka, mikeka inausambaza uzito mbavuni. Nundu yenyewe haiguswi. Kule pwani Waswahili wana ndugu yake mdogo, shogi la punda, lile tandiko la ukili lenye mfuko kila upande. Lakini shogi ni la kubebea tu.

Heeryo ni zaidi ya hapo, maana ile miti na ile mikeka ndiyo nyumba. Aqal, nyumba ya duara ya wafugaji, imejengwa kwa miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka. Asubuhi ya kuhama akina mama wanaibomoa, au tuseme wanaigeuza. Miti iliyokuwa mbavu za nyumba inakuwa mbavu za keria. Mikeka iliyozuia jua inakuwa matandiko. Juu yake vinapandishwa vyungu, haan za maziwa na maji, mwanakondoo asiyeweza kutembea, mtoto asiyeweza kutembea. Jioni kila kitu kinarudi kuwa nyumba. Keria yako ya buti inakaa stoo karibu mwaka mzima ikingoja wikendi moja. Hii watu wanalala chini yake.

Kuifuma si kazi ya siku mbili. Magome ya mgunga yanachunwa, yanalainishwa, yanasokotwa nyuzi, kisha wanawake wanakaa pamoja miezi wakifuma, mara nyingi kwa ajili ya bibi harusi. Kundi la ngamia ni habari ya wanaume, sawa, lakini kubomoa nyumba na kuipakia juu ya awr, yule dume wa mizigo, ni kazi ya mama. Yeye ndiye anajua kamba ipi ianze na upande upi umezidi. Historia ya sehemu hizi tuliyosomeshwa imejaa wanaume: maafisa wa kikoloni wa Northern Frontier District katika safari zao za ngamia, askari wa Dubas na vilemba vyekundu, machifu, majambazi. Mwenye kufunga kamba hata hatajwi, ilhali bila yeye hakuna aliyefika popote.

Halafu ikaja Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na jeshi, na ngamia wengi walichukuliwa au kuuawa. Tukiongelea hasara ile huwa tunahesabu watu na mifugo, na ni haki tufanye hivyo. Ila hebu fikiria mama aliyebaki na mikeka yote na hana awr. Nyumba ambayo haiwezi kupanda mgongoni mwa mnyama imekuwa kibanda tu. Na binti aliyekulia katika kijiji kile, ambaye hakuwahi kuona nyumba ikipakiwa, angejifunzia wapi?

Baadaye lori likafanya kazi iliyobaki. Lori halina nundu. Unarusha mzigo juu, unafunika turubai, basi. Dadaab, baada ya 1991, wakimbizi kutoka Somalia walijenga umbo lilelile la aqal, miti ikiwa imepindwa vilevile, ila juu yake wakaweka plastiki za misaada na vitambaa. Plastiki inazuia mvua, siwezi kuidharau. Lakini huwezi kuilaza mgongoni mwa ngamia ukategemea isimchubue.

Ndiyo maana huwa nacheka watu wakiandika kuhusu maktaba ya ngamia ya Garissa kana kwamba ilikuwa wazo la ajabu. Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya iliianzisha mwaka 1996 kwa ngamia watatu, ili vitabu viwafikie wafugaji na shule za mahali ambapo gari lingezama mchangani. Vitabu vilitiwa katika masanduku mawili, kila moja likibeba kama 200, moja kulia na jingine kushoto. Ngamia mwingine alibeba hema. Wageni wakapiga picha, riwaya ya Kiingereza ikaandikwa, dunia ikapenda. Zitazame picha hizo tena, uwaache watoto na vitabu kidogo, uangalie chini ya masanduku. Utaona miti, kamba na mikeka.

Masanduku yale yana sheria yake pia. Watoto wakiazima vitabu vingi kutoka sanduku la kulia, la kushoto linazidi, miti inapinda upande, na kamba inaanza kumla ngamia ubavuni. Kabla hajainuka, mtu lazima ahamishe vitabu mpaka pande zote zilingane, kisha ajaribu kamba kwa mkono.