Merikebu Iliyokosa Mikono

Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, merikebu ya Kireno iitwayo São Rafael ilikwama kwenye fungu kusini mwa Tanga ya leo. Wenyeji wakaja na machungwa ya kuuza. Maji yalipojaa, ikanasuka. Mabaharia waliona milima mirefu upande wa bara, wakaipa jina la merikebu yao. Wanahistoria wanasema milima hiyo ni hii yetu, Usambara. Niliisoma habari hiyo Lukozi, sebuleni mwa nyumba mpya ya kaka yangu, nikacheka: kumbe tuliwahi kuitwa kwa jina la chombo kilichopanda mchangani!

Kilichofuata hakichekeshi. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, alivuka bahari kwa karibu miezi mitatu, na kiseyeye kikaua mabaharia wapatao 30. Januari 1499 walitia nanga kwenye fungu lile lile. São Rafael ilikuwa bado inaelea, ila watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakahamisha shehena, wakaitia moto. Watu wa Mtangata, Tongoni ya leo, waliendelea kuwauzia kuku kwa mashati na bangili.

Fungu lilishindwa kuiua. Uchache wa mikono ukaweza.

Nyumba ya kaka ina vyumba saba. Yeye yuko Dar es Salaam, mimi niko chuoni. Baharia ni mama peke yake. Masika iliyopita majani ya mikaratusi yaliziba gata, maji yakamwagika ukutani, na msingi wa upande wa bondeni ukapata ufa.

“Nyumba ni nzuri, mwanangu,” mama aliniambia, “ila inanishinda.”

Basi wewe unayeanza kujenga huku milimani, kabla ya kuhesabu vyumba hesabu mikono. Nani atazibua gata kabla ya mvua? Nani atasafisha mfereji ulio juu ya nyumba, ili maji ya mlimani yapite kando? Nani atafungua madirisha ya vyumba visivyolaliwa, kuta zisiote ukungu? Anza na vyumba viwili, uache nafasi ya kuongeza.

Kwa nyumba iliyokwisha kusimama, nimemwomba kaka apangishe vyumba vinne kwa walimu, tupate watu wa kuishi na mama. Anaona ni aibu, nyumba ya familia kulala wapangaji. Hajanijibu tena, na masika inaanza Machi.