Raketi Mbili za Mtumba

Ukikaa maskani yoyote jioni, hutakosa kumsikia mtu akisema: mwenye kipaji atatoka tu, hata umfungie kabatini. Nami niliamini hivyo mpaka nilipokutana na habari za Althea Gibson, yule dada Mmarekani mweusi aliyechukua Wimbledon mwaka 1957. Wengi wanaikumbuka siku Malkia Elizabeth alipomkabidhi sahani ya ubingwa. Mimi, ndugu msomaji, nataka turudi nyuma, kwenye miaka ambayo hata majirani hawakujua wamfanyeje.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 huko Silver, South Carolina. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la watu kwa kugawana mavuno. Kilimo kilipowashinda wakahamia Harlem, New York. Huko binti akawa mtukutu hasa. Shule anatoroka, baba anachapa, yeye anatoroka tena, na usiku mwingine anauzungusha ndani ya treni za chini ya ardhi ili asirudi nyumbani. Baba huyo huyo alimfundisha ngumi, maana mtaani pale asiyejua kujitetea anaonewa. Haukupita muda, shule akaipiga teke.

Kilichomwokoa ni barabara. Mtaa wa 143 ulikuwa ukifungwa magari ili watoto wacheze, na lami ikachorwa kiwanja cha tenisi ya vibao, ile ya kupiga mpira kwa kibao badala ya raketi yenye nyuzi. Mwaka 1939, akiwa na miaka 12, Althea alikuwa bingwa wa wanawake wa mchezo huo New York nzima! Mwanamuziki mmoja, Buddy Walker, aliyesimamia michezo ya watoto mtaani, akamtazama, akaingiza mkono mfukoni na kumnunulia raketi mbili za mtumba. Akamwambia aanze kupiga mpira ukutani.

Kisha watu wakachanga. Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Wale walikuwa watu wa kibarua na kodi ya chumba, na dunia ilikuwa bado haijatoka kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi. Lakini walitoa vijisenti vyao kumlipia uanachama wa watoto katika klabu ya Cosmopolitan, ya weusi wenye nafasi zao, akafundishwe na Fred Johnson, kocha mwenye mkono mmoja. Unadhani binti alishukuru? Mambo ya nguo nyeupe na adabu za uwanjani aliyaona maigizo matupu. Mwenyewe alisema baadaye kwamba mpinzani alitamani kumvaa kama kwenye ngumi.

Weusi walikuwa na chama chao, American Tennis Association, kilichoanzishwa 1916 kwa sababu mashindano ya chama cha wazungu yalikuwa hayawapokei. Althea akachukua ubingwa wa wasichana mwaka 1944 na 1945. Mwaka 1946 akaingia fainali ya wanawake akafungwa na Roumania Peters. Kumbe jukwaani walikuwapo madaktari wawili, Hubert Eaton na Robert Walter Johnson, nao wakamwona. Wakapanga: wakati wa shule akae kwa Eaton, Wilmington, North Carolina, kiangazi ahamie kwa Johnson, Lynchburg, Virginia.

Hebu jiweke mahali pake. Una miaka 19, umezoea uhuru wa Harlem, halafu unaambiwa urudi darasani na watoto, tena Kusini, kwenye mabasi yanayomkalisha mweusi nyuma. Rafiki yake bondia Sugar Ray Robinson alimwambia aende. Akaenda. Kuanzia 1947 akawa bingwa wa wanawake wa chama chake mara kumi mfululizo.

Mlango wa Forest Hills, yalikokuwa yakifanyika mashindano makuu ya Marekani wakati huo, ulibaki umefungwa, na ulifungwa kijanja. Hapakuwa na karatasi iliyosema mweusi haruhusiwi. Ila ili ufike huko ilibidi kwanza uwike kwenye mashindano ya klabu za nyasi, na klabu hizo zilicheza kwa kualikwa tu. Nani atamwalika? Viongozi wa chama cha weusi walibembeleza chinichini. Halafu Julai 1950 Alice Marble, mzungu na bingwa wa zamani wa Wimbledon, akaandika katika jarida la tenisi akiwasuta wenzake waziwazi. Mwezi uliofuata Althea alikuwa Forest Hills.

Raundi ya kwanza akashinda. Ya pili akapewa Louise Brough, bingwa wa Wimbledon mara tatu mfululizo. Akafungwa seti ya kwanza 6-1, akarudisha ya pili 6-3, na katika ya tatu alikuwa mbele 7-6 mbingu zilipopasuka. Radi ikaangusha sanamu ya tai wa jiwe juu ya uwanja. Mechi ikaahirishwa, akaenda kulala na ushindi nusu mdomoni. Kesho yake haikuchukua hata robo saa: Brough alizoa gemu tatu, 9-7.

Baada ya hapo, ukame. Mwaka 1951 alicheza Wimbledon, mmoja wa weusi wa kwanza kufika pale, akatolewa mapema. Tenisi ya ridhaa haikulipa kitu. Akahitimu chuo 1953, akafundisha michezo Missouri, na kufikia 1955 alikuwa ameomba kazi ya jeshi. Safari ya kiserikali ya kucheza maonyesho Asia ndiyo iliyomrudisha uwanjani, na mwaka 1956 akachukua ubingwa wa Ufaransa.

Alipokuwa bingwa, baadhi ya magazeti ya weusi yalimnunia. Yalitaka aseme, apambane, awe bendera. Yeye akajibu kwamba ni mchezaji, si mwanaharakati. Mimi nasita kumhukumu, kwani hakuomba kubebeshwa watu wote mgongoni. Lakini hata wale walionuna nawaelewa. Walikuwa wamechanga.