Ibn Battuta na Gharama za Safari Ndefu

Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta, alitoka kwao Tangier mwaka 1325, naye ni kijana wa miaka 21, akikusudia kuhiji Makka. Hakurejea nchi ya Maghribi ila mwaka 1349. Habari za safari zake, alizozisimulia Ibn Juzayy akaziandika, zilikamilika mwaka 1355. Wachunguzi wa pwani ya Afrika Mashariki hutafuta humo majina ya miji na ya masultani, na swali la nani aliyelipa gharama za miaka ile yote hupitwa upesi. Naye hakuwa mfanya biashara, wala hakutoka kwao na mali nyingi.

Rasilimali yake ilikuwa elimu ya sheria katika madhehebu ya Maliki. Alipotoka Tunis, mwaka ule ule wa 1325, alifanywa kadhi wa msafara wa mahujaji; hivyo aliyekuwa abiria akawa mwenye cheo. Damascus aliona wakfu za namna nyingi, na miongoni mwake zilikuwamo za kuwapa wasafiri chakula, mavazi na masurufu ya kuwafikisha makwao. Na katika Anatolia, ambayo leo ni nchi ya Uturuki, aliwakuta vijana walioitwa akhi. Hao walifanya kazi mchana, na jioni wakaleta walichochuma katika nyumba moja, ili wageni wapate kula na kulala. Katika mji uitwao leo Denizli makundi mawili ya vijana hao yalitoleana visu, kila moja likitaka mgeni awe wake.

Lakini desturi aliyoikuta Mogadishu mwaka 1331 yastahili kutazamwa zaidi. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Aliyempa mfanya biashara chakula hicho alisema kwamba huyu ni mgeni wake, na tangu hapo mfanya biashara hakushukia ila kwa kijana huyo, isipokuwa awe amekwisha uzoea mji. Mwenyeji alimwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara ile haikukubaliwa. Basi huo haukuwa ukarimu mtupu, bali ulikuwa pia udalali na dhamana. Wajuao Kiswahili watakumbuka hapa kwamba neno mgeni lachukua maana mbili, mtu asiyejulikana na mtu akaribishwaye. Na mwenyeji ni mzaliwa wa mji, tena ndiye ampokeaye mgeni.

Ibn Battuta mwenyewe hakuchukuliwa na kijana yeyote, kwa kuwa wenzake chomboni walieleza kwamba yeye ni mwanachuoni. Kadhi, mtu wa asili ya Misri, alimpeleka kwa Sultani, naye akawekwa katika nyumba ya wanafunzi. Alikaa siku tatu, akiletewa chakula mara tatu kila siku: wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, akaletewa mavazi ya kwendea msikitini. Mombasa alilala usiku mmoja tu.

Kilwa ilitawaliwa na al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi, naye aliwapa katika fungu la ngawira. Ijumaa moja fakiri wa Yemeni alimwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia ndani akazivua, akampa. Mwana wa Sultani alizikomboa kwa watumwa 10, na Sultani aliposikia watu wakimsifu aliongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ngawira hiyo ilipatikana kwa kuwashambulia watu wa bara. Kwa hiyo aandikaye juu ya wepesi wa safari za zama zile hana budi kuwatia katika hesabu watu wale 20, ambao kwa fakiri walikuwa masurufu ya kurudia kwao.

Neema hiyo haikudumu. Al-Hasan alipokufa alirithiwa na ndugu yake Daud. Huyo aliwajibu waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, mwisho wakapata kidogo sana, hata wakaacha kwenda Kilwa.