Liemba: meli iliyookolewa na grisi

Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, isitekwe. Kabla ya hapo, mafundi walizipaka injini zake za mvuke grisi nzito ili zisile kutu. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina Liemba. Baadaye iliwekewa injini za dizeli. Mwaka 1997 ndiyo iliyowarudisha Kongo makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakimbizi. Meli iliyozamishwa kwa vita, miaka 81 baadaye iliwavusha waliokimbia vita.