Kabaa, Shule Iliyoanza kwa Waalimu

Mtu akitaja shule ya Mang'u, watu humkumbuka Mwai Kibaki, aliyesoma pale tangu 1947 hata 1950, akawa Rais wa Kenya mwaka wa 2002. Ni haki kumkumbuka. Lakini sisi waalimu twauliza: shule ile ilianzishwa kwa kazi gani?

Ilianzishwa ili kufundisha waalimu, wala haikuanzia Mang'u. Mwaka wa 1925 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliifungua Kabaa, katika nchi ya Wakamba, mwanzilishi wake Padre Michael Witte. Zamani zile shule za vijijini zilikuwa mara nyingi banda la nyasi, na mwalimu ni katekista aliyejua kusoma na sala zake, basi. Hata mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ikazunguka Afrika ya Mashariki kukagua shule, na Serikali ikazidi kuzisaidia misioni kwa fedha, ila ilitaka waalimu waliofundishwa kazi. Misioni isiyo nao ingeachwa nyuma, maana wazazi walikuwa wamekwisha amka. Mwaka wa 1926 Waprotestanti wakafungua Alliance huko Kikuyu. Mwaka wa 1928 Askofu Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, aliwaambia wamisionari Dar es Salaam kwamba wasipoweza kazi zote mbili, waache makanisa wakamilishe shule. Neno zito hilo kwa padre aliyevuka bahari ili ahubiri!

Vijana walilala bwenini, kwa kuwa mwalimu hufundishwa mwenendo pamoja na hesabu. Wito wa shule hii ni wa Kiswahili: Jishinde Ushinde.

Baadaye masomo yakapandishwa, ikawa shule ya sekondari, na mwaka wa 1940 ikahamia Mang'u, katika nchi ya Wakikuyu. Mwaka wa 1972 ikahama tena, karibu na Thika. Twafurahia kupanda huko, lakini kulikuwa na gharama yake: kijana aliyemaliza sekondari aliona milango mingi, na mlango wa shule ya kijiji haukuwa wa kwanza. Kibaki alikwenda Makerere. Tom Mboya, aliyeingia Mang'u mwaka wa 1946, alikosa karo ya kuendelea, akajifunza ukaguzi wa afya Nairobi. Naye utotoni alianza kusoma Kabaa, akiandika herufi mchangani.

Kabaa nako hakukufa. Pana shule ya sekondari hata leo.